Kaburi Moja, Watu 350: Moto wa Peshtigo na Waliozikwa Bila Majina

Katika mji mdogo wa Peshtigo, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kuna makaburi yanayoitwa kwa jina la moto: Peshtigo Fire Cemetery. Ndani yake limesimama bango la historia lililozinduliwa Oktoba 1951, la kwanza katika mfululizo wa mabango ambayo jimbo hilo limekuwa likiyasimika tangu hapo. Maandishi yake yanaeleza kwamba usiku wa tarehe 8 Oktoba 1871 mji wa watu 1,700 ulifutika, kwamba moto huo uliua watu wasiopungua 800 katika eneo hilo, na kwamba karibu na hapo pana kaburi la pamoja la watu 350, wanaume, wanawake na watoto, ambao hakuna aliyeweza kuwatambua.

Anayesoma habari za moto huu kwa mara ya kwanza hujikuta amechanganyikiwa haraka. Bango linataja 800. Orodha ya serikali ya jimbo inataja 1,182. Vitabu vingi vinasema 1,200 au 1,500, na vingine vinafika hadi 2,500. Kuna wanaosema chanzo ni wafanyakazi wa reli, wengine wanasema ni wakulima, na wengine wanasema ni nyota yenye mkia iliyopita angani. Usiku huohuo mji wa Chicago nao uliteketea, na dunia nzima inaujua moto wa Chicago hata kama haijawahi kusikia neno Peshtigo.

Swali lililo chini ya yote hayo ni lile la kaburi. Inakuwaje, katika nchi iliyokuwa na magazeti, telegrafu, makanisa na sensa, watu 350 wafukiwe pamoja pasipo jina hata moja? Jibu jepesi ni kwamba waliungua wakaharibika sura. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Moto uliwaua, kukosa majina kulitokana pia na jinsi mji wenyewe ulivyojengwa, nani aliletwa kuishi hapo na kwa kazi gani, na nani alibaki hai wa kusema "huyu ni fulani."

Mji uliojengwa kwa mbao, juu ya unga wa mbao

Peshtigo ulikuwa mji wa kampuni. William Ogden, tajiri aliyekuwa meya wa kwanza wa Chicago, alikuwa na hisa kubwa katika kampuni iliyomiliki kiwanda cha kupasulia mbao na kiwanda cha vyombo vya mbao, kilichotajwa kuwa kikubwa kuliko vyote nchini humo. Humo zilitoka ndoo, mapipa, beseni, mipini ya fagio, vibanio vya nguo na vigae vya mbao vya kuezekea. Malighafi ilikuwa misonobari mirefu ya Wisconsin, na mto Peshtigo, unaokata mji katikati, ulisukuma mitambo na kusafirisha magogo.

Kila kitu kilikuwa cha kuwaka. Nyumba zilikuwa za mbao, paa za mbao, njia za waenda kwa miguu za mbao, na daraja la mbao. Barabara zilimwagiwa unga wa mbao uliotoka kiwandani ili kupunguza tope na vumbi. Kuuzunguka mji kulikuwa na msitu, na pembezoni mwa msitu kulikuwa na kitu kibaya zaidi kuliko msitu wenyewe: mabaki ya ukataji. Wakata miti walichukua gogo lililonyooka tu, wakaacha vilele, matawi na magome chini, yakakauka marundo kwa marundo. Misonobari ina utomvu, na tawi lake kavu huwaka upesi na kwa moto mkali.

Wakulima nao walikuwa wanafyeka. Katika vijiji vilivyoitwa Sugar Bush, magharibi mwa mji, walowezi kutoka Ujerumani, Norwe, Uswidi na kwingineko walikuwa wakigeuza msitu kuwa mashamba, na njia ya kusafisha shamba ilikuwa kuchoma. Mwaka huo pia reli ilikuwa ikisogezwa kaskazini kutoka mji wa Green Bay, na wajenzi wake walikata njia msituni na kuchoma walichokikata. Hakuna kati yao aliyekuwa akifanya jambo la ajabu. Mkulima wetu anayetayarisha shamba kabla ya mvua za vuli angewaelewa mara moja: moto ulikuwa kifaa cha kazi, na kwa kawaida mvua ilikuja ikamaliza ulichobakiza.

Mwaka 1871 mvua haikuja. Kiangazi kilikauka kupita kiasi, vinamasi vikakauka, na moto ukaanza kula hata udongo wa mboji na mizizi chini ya ardhi, ukipotea hapa na kuibuka kule. Mwishoni mwa Septemba moto ulifika hadi karibu na Peshtigo, watu wakapambana nao kwa ndoo siku nzima na wakaunusuru mji. Moshi ulikuwa umetanda juu ya ghuba ya Green Bay kwa wiki kadhaa. Nguzo za telegrafu zikaungua, mji ukakatika mawasiliano. Hilo litakuwa na maana kubwa baadaye.

Tahadhari ilikuwa imetolewa. Mwaka 1867, miaka minne kabla, mwanasayansi Increase Lapham na wenzake walikabidhi serikali ya Wisconsin ripoti kuhusu madhara ya kuteketeza misitu ya jimbo hilo, wakieleza jinsi ardhi inavyokauka miti inapoondolewa. Ripoti ilichapwa, na ukataji ukaendelea. Inauma kuisoma tarehe ya ripoti ile leo.

Usiku wenyewe

Kwa muda mrefu usiku huo ulielezwa kana kwamba moto mmoja ulitoka mahali pamoja na kuutafuta mji. Wanaochunguza hali ya hewa ya siku hiyo wanaeleza tofauti. Mioto midogo ilikuwa tayari imetapakaa kila mahali, mingi ikifuka tu. Jumapili hiyo mfumo mkubwa wa mgandamizo mdogo wa hewa ulikuwa unapita katikati ya Marekani, ukivuta upepo mkali kutoka kusini-magharibi, na nyuma yake hewa baridi ikisukuma. Upepo ulipozidi jioni, mioto iliyokuwa ikifuka iliamka yote kwa pamoja na kuungana.

Moto ukifika ukubwa fulani hubadilika tabia. Hewa ya moto hupanda juu kwa kasi kiasi kwamba huacha nafasi chini, na nafasi hiyo huvuta hewa mpya kutoka pande zote. Kwa hiyo moto hujitengenezea upepo wake, na upepo huo huulisha moto zaidi. Gesi zinazotoka kwenye miti iliyopata joto huwaka kabla ndimi za moto hazijafika. Hii ndiyo dhoruba ya moto. Inaeleza mambo ambayo walionusurika waliyasimulia na wengi wakadhani wametiwa chumvi: miti iliyong'olewa na mizizi yake, paa lililopeperuka likiwa linawaka, hewa yenyewe kuonekana inashika moto, na maiti zilizokutwa hazina jeraha la kuungua, kwa sababu mtu alivuta hewa ya moto au alikosa hewa kabla ya kuguswa na mwali.

Simulizi iliyo kamili kuliko zote imetoka kwa Peter Pernin, padri Mfaransa aliyekuwa akihudumia Wakatoliki wa Peshtigo na mji jirani wa Marinette. Aliiandika na ikachapwa Montreal mwaka 1874. Jioni ile, anasema, kulikuwa na mngurumo kutoka magharibi uliokuwa ukiongezeka, na anga upande huo lilikuwa jekundu. Alichimba shimo uani akazika masanduku yake na vyombo vya kanisa. Kisha akachukua tabenakulo ya mbao, yaani kisanduku cha altareni cha kuhifadhia Ekaristi, akaipakia kwenye mkokoteni, akaukokota kuelekea mtoni huku upepo ukimwangusha na kumwinua.

Pale kwenye ukingo wa mto ndipo simulizi yake inaposhika zaidi. Alikuta watu wamesimama wima, macho yametoka, midomo wazi, hawakimbii wala hawasemi. Maji yako hatua chache mbele yao na hawaingii. Akaanza kuwasukuma mmoja mmoja ndani ya mto. Kisha akaingia mwenyewe, kiasi cha saa nne usiku.

Ndani ya maji hakukuwa salama, ila palikuwa pa kuishi. Kichwa kilichotoka juu ya maji kilianza kuungua, hivyo watu walijimwagia maji au kujifunika kwa nguo na mablanketi yaliyolowa, ambayo yalikauka upesi na ikabidi kuyachovya tena. Magogo yaliyokuwa yakiwaka yalielea kati yao. Ng'ombe na farasi nao waliingia mtoni wakiogelea kwa hofu. Pernin anamtaja mwanamke aliyekuwa ameng'ang'ania gogo. Ng'ombe akalipindua, mwanamke akazama, na alipoibuka alikuwa ameshika pembe ya yule ng'ombe, akaokoka nayo. Wengine walizama. Wengine, baada ya saa kadhaa kwenye maji ya Oktoba ya kaskazini, walikufa kwa baridi huku kingo mbili za mto zikiwaka. Padri anasema alitoka majini kiasi cha saa tisa na nusu usiku, akitetemeka, akalala juu ya mchanga uliokuwa bado na joto.

Darajani kulitokea jambo ambalo mtu hawezi kulisoma upesi. Walio upande wa mashariki waliamini kwamba usalama uko magharibi, walio magharibi wakaamini uko mashariki, wakakutana katikati, watu, mifugo na mikokoteni, na daraja nalo lilikuwa la mbao.

Peshtigo uliisha katika muda wa kama saa moja. Moto ulikula eneo la ekari milioni 1.2 hivi, pande zote mbili za ghuba ya Green Bay, yaani karibu mara tatu ya kisiwa cha Unguja. Upande wa pili wa ghuba, kijiji cha Williamsonville kilikuwa na watu zaidi ya 70 na takribani 60 kati yao walikufa; mahali pake leo pametengwa kama bustani ya kumbukumbu. Mvua ilinyesha Jumatatu, siku iliyofuata.

Kwa nini hawakutambulika

Waliobaki walianza kutafuta. Waliotambulika, mara nyingi walitambulika kwa vitu: kisu cha mfukoni, funguo, pete. Kitambaa na ngozi vilikuwa vimekwenda, chuma kimebaki. Kwenye baadhi ya sehemu hapakuwa na mwili wa kuzika, ni majivu na vipande vya mifupa. Katika nyumba ya kampuni walimolala wafanyakazi wasio na familia, walikufa makumi ya watu waliokimbilia humo, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika walikuwa wangapi, sembuse akina nani.

Ili maiti itambulike inahitaji vitu viwili: alama iliyobaki kwake, na mtu aliye hai anayeijua alama hiyo. Tunazungumza sana juu ya cha kwanza na kusahau cha pili. Huko Sugar Bush familia nzima zilikufa, baba, mama, watoto, na majirani wa karibu nao pia. Aliyefika kuzika alikuwa mgeni kutoka Marinette au kutoka mji mwingine, mtu mwenye koleo na moyo wa huruma ambaye hakuwahi kumwona marehemu. Vibarua wa msituni na wajenzi wa reli walikuwa wanaume wasio na ndugu hapo, wengi wakiwa wamefika nchini humo juzi tu, na baadhi wamefika mjini siku chache kabla. Mwenye kujua sura zao alikuwa labda mwenzao wa kitanda cha pili, na huyo naye amekufa. Mama zao walikuwa Norwe au Bavaria wakisubiri barua.

Na karatasi? Vitabu vya kampuni, daftari la mishahara, rejista za kanisa, vyote viliungua pamoja na majengo. Sensa ya mwaka 1870 ilikuwepo, lakini katika mji unaokua kwa kasi ya kiwanda, mwaka mmoja unatosha kuifanya sensa kuwa picha ya mji mwingine.

Huku kwetu jambo hili halihitaji maelezo marefu kwa anayekumbuka Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka Morogoro na kuua watu zaidi ya 100. Miili ambayo ndugu hawakuweza kuitambua kwa macho ilichukuliwa sampuli za vinasaba kabla ya mazishi, ili kubaki na njia ya kuioanisha na jamaa baadaye. Mwaka 1871 njia hiyo haikuwepo hata kwenye ndoto. Kulikuwa na macho ya jamaa tu, na jamaa nao walikuwa makaburini.

Maiti hazikuweza kusubiri. Watu 350 wakawekwa pamoja. Wengine wengi walizikwa palepale walipokutwa, shambani, kando ya njia, karibu na kisima walichojitupa wakidhani maji yatawaokoa. Kwa hiyo makaburi ya Peshtigo yanahifadhi sehemu tu ya waliokufa. Anayesimama mbele ya kaburi la pamoja na kudhani anaiona hesabu yote ya msiba ule amekosea kwa mbali sana.

Hesabu tano za msiba mmoja

Hapa sasa zile namba zinaanza kuachana vizuri, kwa sababu kila moja inahesabu kitu chake. Namba 350 ni ya wasiotambulika waliomo katika kaburi moja. Namba 800 ya kwenye bango ni makadirio ya chini kwa mji wa Peshtigo na maeneo yanayouzunguka. Namba 1,182 imetoka kwenye orodha iliyofikishwa mbele ya bunge la Wisconsin mwaka 1873, ikiwajumuisha waliokufa na waliopotea katika eneo lote lililoungua. Kuanzia hapo, 1,200 ni ileile iliyokaribishwa, na 1,500 ni makadirio ya waandishi wanaojaribu kuongeza wale ambao orodha haikuwapata.

Namba 2,500 ndiyo ya kutumiwa kwa uangalifu. Imejengwa juu ya hoja kwamba vibarua, wahamiaji wapya na Wahindi Wekundu waliokaa msituni hawakuhesabiwa, na hoja hiyo ina nguvu. Lakini ukubwa wa pengo hilo hauna daftari nyuma yake. Binafsi naona mwandishi mwaminifu angesema "zaidi ya 1,200, huenda 1,500 au zaidi," akaishia hapo. Kuitaja 2,500 kana kwamba imehesabiwa ni kuwafanyia wafu heshima wasiyoihitaji. Hata kwa hesabu ya chini kabisa ya orodha ya bunge, huu unabaki kuwa moto ulioua watu wengi kuliko moto mwingine wowote wa msituni unaojulikana katika historia ya Marekani.

Kivuli cha Chicago

Chicago iko kiasi cha kilomita 400 kusini mwa Peshtigo. Moto wake ulianza usiku uleule, ukaua watu wapatao 300, ukabomoa majengo zaidi ya 17,000 na kuwaacha watu kama 100,000 bila makazi. Kwa mali iliyopotea, Chicago haina mfano. Kwa roho za watu, Peshtigo ilipoteza mara nne au tano zaidi. Ogden mwenyewe alipoteza mali katika miji yote miwili kwa usiku mmoja.

Lakini Chicago ilikuwa na magazeti, benki, wawekezaji na waya za telegrafu kwenda New York na London. Peshtigo ilikuwa na nguzo za telegrafu zilizokwisha kuungua. Habari za kwanza zilibebwa na watu hadi Green Bay, na zilipofika Madison, makao makuu ya jimbo, ilikuwa tayari tarehe 10. Gavana Lucius Fairchild na maofisa wake walikuwa wameondoka kwenda Chicago kupeleka msaada. Aliyeipokea habari ni mkewe, Frances Fairchild, kijana wa miaka 24. Behewa lililokuwa limesheheni misaada ya Chicago akaamuru lielekezwe kaskazini, na akawaomba wanawake wa mji wachangie mablanketi. Hakuwa na cheo chochote cha kutoa amri ile. Alitoa, na ikatiiwa. Ninamtaja kwa sababu kati ya watu wote wenye madaraka katika kisa hiki, yeye asiyekuwa na madaraka ndiye aliyefanya haraka.

Kivuli kile hakijaondoka. Marekani huadhimisha kila mwaka wiki ya kujikinga na moto, katika juma lenye tarehe 9 Oktoba, na tarehe hiyo inaukumbuka moto wa Chicago. Kisa cha ng'ombe wa Bi O'Leary aliyedaiwa kupiga teke taa kinajulikana hata na watoto, ingawa halmashauri ya jiji la Chicago ilimsafisha bibi huyo na ng'ombe wake mwaka 1997. Peshtigo haikuwa na kisa chepesi cha namna hiyo.

Ukosefu wa kisa chepesi ndio uliofungua mlango kwa kile cha nyota yenye mkia. Siku ileile mioto mikubwa iliwaka pia ng'ambo ya ziwa, katika jimbo la Michigan, kwenye miji kama Holland na Manistee. Watu wakauliza: inawezekanaje mahali pengi mbalimbali kuwaka kwa wakati mmoja kama si kitu kilichotoka juu? Katika miaka ya 1880 likatolewa wazo kwamba vipande vya nyota yenye mkia iitwayo Biela viliangukia eneo hilo, na hadi leo wazo hilo linazunguka mitandaoni. Halihitajiki. Ukame uleule, mabaki ya miti yaleyale na upepo uleule ulioletwa na mfumo mmoja wa hali ya hewa vilizikumba Wisconsin, Michigan na Chicago siku moja. Tena vimondo vidogo vinavyofika ardhini huwa vimeshapoa, haviwashi nyasi. Kinachonisumbua katika nadharia hii ni kwamba inawaondoa watu kwenye hesabu. Marundo ya matawi makavu hayakuanguka kutoka angani.

Kwamba hayakuanguka kutoka angani kulithibitika tena Septemba 1894, pale Hinckley, katika jimbo jirani la Minnesota. Kiangazi kikavu, mabaki ya ukataji wa misonobari, upepo, na watu zaidi ya 400 wakafa kwa namna ileile, miaka 23 baada ya Peshtigo.

Makaburi leo

Peshtigo ilijengwa upya. Ni mji tulivu wa watu elfu chache, na kando ya makaburi kuna jengo lililokuwa kanisa ambalo tangu 1963 ni makumbusho ya moto. Vitu vilivyosalia ni vichache, kama inavyotarajiwa. Kilicho muhimu kuliko vyote ni tabenakulo ya Padri Pernin. Mkokoteni alioukokota aliusukuma mtoni, na siku kadhaa baadaye tabenakulo ilikutwa juu ya gogo majini, haijaungua, ya mbao hivyohivyo. Waumini wake waliona mkono wa Mungu. Leo unaweza kusimama mbele yake na kuona jinsi kilivyo kitu kidogo, na kupata picha ya mtu aliyekibeba katika upepo ule.

Makaburi yenyewe yaliingizwa mwaka 1970 katika daftari la taifa la maeneo ya kihistoria. Yana pia makaburi ya kawaida, yenye majiwe na majina, ya watu waliotambulika na ya wengine waliozikwa kabla na baada. Hilo ndilo linalolifanya kaburi la pamoja lieleweke: unaona kwa jicho tofauti kati ya familia iliyobakiza mtu wa kuandikisha jiwe na ile ambayo haikubakiza.

Wapo wanaouliza kwa nini lisifunguliwe sasa, vinasaba vikachukuliwa na majina yakarudi. Kwanza, mfupa uliopita kwenye joto kali sana hupoteza vinasaba vyake, na kadiri joto lilivyokuwa kubwa ndivyo matumaini yanavyopungua. Pili, miili iliwekwa pamoja, na baada ya zaidi ya karne na nusu ardhini mabaki hayo ni vigumu kuyatenganisha. Tatu, sampuli haina kazi bila ya kulinganishwa na ndugu, nasi tumekwisha kuona kwamba ndugu ndio hasa waliokosekana. Mjukuu wa kitukuu wa kaka aliyebaki Norwe mwaka 1871 huenda hajui kwamba babu yake mkubwa alikuwa na ndugu aliyevuka bahari.

Kwa hiyo njia iliyobaki ni ya karatasi, na karatasi yenyewe ni ile orodha ya 1873. Si orodha safi. Majina ya Kijerumani, Kinorwe na Kifaransa yaliandikwa kwa jinsi karani alivyoyasikia, na sehemu nyingine kuna jina la baba tu, likifuatwa na mke na idadi ya watoto. Anayetafuta mtu wa ukoo wake aliyepotelea Wisconsin miaka ile ajaribu tahajia tatu au nne za jina moja, aangalie sensa ya 1870 ya wilaya ya Oconto, maana wilaya ya Marinette ilikuwa haijaundwa bado, na asikate tamaa akikuta familia imeandikwa kwa idadi bila majina.